Jibu: Shule ya yatima wa askari, Sanawar

Ndugu, umeuliza kama shule za bweni za yatima wa askari kule India zilikuwa za watoto wa Kihindi. Hapana. Ya Sanawar, milimani karibu na mji wa Kasauli kaskazini mwa India, Henry Lawrence, ofisa wa jeshi la Waingereza, aliifungua 1847 kwa watoto wa askari wa Kizungu. Ilianza na watoto 14 tu, wavulana kwa wasichana. Hoja yake ilikuwa kwamba joto la tambarare na maisha ya kambini yanawamaliza watoto hao. Hata watoto waliochanganya damu, Uzungu na Uhindi, walisubiri nyuma, maana kanuni ziliwapendelea Wazungu watupu. Shule za Mount Abu, Lovedale na Ghora Gali zikaiga mfano huo. Lawrence mwenyewe aliuawa kwa kombora mjini Lucknow, katika uasi wa 1857 dhidi ya Waingereza. Siku hizi Sanawar inasomesha watoto wa wenye nazo, tena Wahindi!