Mzinga wa Nyuki na Mzinga wa Vita: Maswali Yenu Kuhusu Michezo ya Vita kwa Zamu

Awamu hii maswali mengi yametoka Tanga na wilaya zake, na yote yanahusu vita vya mezani vinavyochezwa kwa mbali. Ramani imegawanywa kwa pembesita, kete ndizo vikosi, na kila mmoja anacheza zamu yake kwa wakati wake kisha anamtumia mwenzake.

Nina watu wanane wanaotaka kucheza. Wengine wako Muheza na Pangani, mmoja yuko Uingereza. Niwaulize nini kabla ya kuwapanga? (Msomaji, Ngamiani)

Wengi huanza na "unapenda vita gani?" Liweke hilo mwisho. Mpenzi wa vifaru vya jangwani atacheza vita vya msituni bila kinyongo, lakini mtu wa zamu moja kwa siku ukimfunga na mtu wa zamu moja kwa wiki, hawafiki mbali. Michezo ya mbali huuawa na kimya, mara chache sana huuawa na kushindwa.

Anza hivi: katika wiki mbaya, yenye msiba, safari au umeme wa mgawo, unaweza kutuma zamu ngapi? Uliza wiki mbaya, maana ukiuliza wiki ya kawaida kila mtu hujisifu. Akijibu tatu, andika mbili. Halafu: una kompyuta au simu tu? Uko tayari kuona nusu ya ramani huku mwamuzi akiona yote? Utakubali upande dhaifu? Utachoka baada ya miezi mingapi?

Kisha piga hesabu mbele yao. Mchezo wa zamu 12 kwa watu wawili una safari 24 za kutuma. Kila mmoja akipewa siku 3, huo ni mchezo wa siku 72. Sasa chukua mchezo ambao anayeshambuliwa lazima ajibu risasi katikati ya zamu ya mwenzake: safari zinakuwa 4 kwa kila zamu, yaani 48, na siku 144. Ni ramani ileile na kete zilezile, lakini umeingia karibu miezi mitano. Wengi waliosema "mchezo mrefu ndio raha" hubadili kauli hapo.

Wapange kwa kasi kwanza, kifaa pili, kipindi cha historia tatu. Tofauti ya kasi kati ya wawili isizidi zamu moja kwa wiki. Asiyepata mwenza awe mwamuzi, na usimpe kazi hiyo kama adhabu. Mwamuzi mzuri ni adimu kuliko mchezaji mzuri.

Nitajuaje kwamba mwenzangu haibi kwenye dadu? Yeye yuko kwake, mimi kwangu. (Msomaji, Chumbageni)

Hujui, mpaka utumie njia isiyohitaji umwamini. Kama mna kompyuta, programu ya bure ya Vassal, ya kuchezea michezo ya mezani, ina dadu ndani yake, na ukianzisha rekodi ya zamu, kila dadu iliyotupwa inaandikwa kwenye faili lenye mkia wa .vlog. Mwenzako analifungua na kuona zamu yako hatua kwa hatua. Tundu lake ni hili: mtu akitupa dadu mbaya anaweza kufunga programu bila kuhifadhi, akaanza upya. Rekodi unayopokea ni safi kabisa, kumbe ni ya jaribio la tatu. Ndiyo maana mashindano hupenda seva ya dadu, ambayo hutuma matokeo kwa baruapepe za wote wawili papo hapo. Hakuna cha kufuta tena.

Enzi za posta, wachezaji wa michezo ya kampuni ya Avalon Hill kule Marekani walikuwa na ujanja wao: walikubaliana tarehe, kisha wakachukua tarakimu za soko la hisa zilizochapishwa gazetini siku hiyo kuwa ndiyo dadu. Hakuna aliyeweza kuzijua kabla, na kila mmoja aliweza kuzihakiki.

Kwa wenye simu tu, kuna njia isiyohitaji programu. Kila mchezaji anamtumia mwamuzi namba moja kati ya 1 na 6, kwa siri. Mwamuzi anajumlisha, na jumla ikizidi 6 anaondoa 6. Wewe 5, mwenzako 4: jumla ni 9, dadu ni 3. Kila jawabu lina njia 6 kati ya 36, kwa hiyo hata mwenzako akituma 6 kila siku, wewe ukichagua kwa kubahatisha kweli dadu inabaki ya haki. Sharti lake ni moja tu: asiwepo anayeiona namba ya mwenzake kabla ya kutuma yake. Mkitumiana moja kwa moja bila mwamuzi, wa pili ndiye anayeamua dadu.

Sina kompyuta. Naweza kucheza kwa WhatsApp bila kuvurugikiwa? (Msomaji, Makorora)

Unaweza, ila amri ziandikwe kama hati, zisiwe soga. Kila pembesita iwe na namba ya tarakimu nne, mbili za safu na mbili za mstari: 0714 ni safu ya 07, mstari wa 14. Amri kamili inasomeka hivi:

Zamu 3. K6: 0714, 0715, 0816. Simama. Piga 0917.

Kwanza jina la kete, kisha kila pembesita inayopita, kisha inachofanya mwisho. Usiandike "K6 iende 0816" ukanyamaza, kwa sababu njia ndiyo yenye ugomvi: kuna njia mbili za kufika, na moja inapita mbele ya rashasha. Herufi O isitumike kamwe badala ya sifuri.

Ramani usiitume kama picha ya kawaida, maana hubanwa na namba ndogo hugeuka ukungu. Itume kama faili. Na kumbuka kwamba ujumbe wa WhatsApp huharirika ndani ya dakika 15 baada ya kutumwa, na hufutika pia. Saa ya mwisho ikifika, mwamuzi asubiri dakika 16, anakili amri zote mahali pake, ndipo afungue za pande zote mbili.

Kwa wenye Vassal, balaa la kawaida ni toleo la moduli, yaani faili lenye ramani na kete za mchezo. Mmoja ana moduli mpya, mwingine ya zamani. Faili linafunguka lakini kete zimepotea au zimebadilika sura. Andikeni toleo kwenye ujumbe wa kwanza na msilibadili mpaka mchezo uishe. Moduli huwa ya makumi ya megabaiti, hivyo ipakue mara moja penye intaneti nzuri. Mafaili ya zamu ni madogo na hayali bando. Yapeni majina yanayopangika yenyewe, kama TNG-Z03-B kwa zamu ya tatu ya upande wa B, na msiandike juu ya faili la zamani.

Mchezo tunaoupenda una risasi za kujibu kila hatua. Tuuache? (Msomaji, Korogwe)

Si lazima. Tumieni maagizo ya kudumu. Anayelinda anaandika mapema atakachofanya, na anayeshambulia, au mwamuzi kama kuna siri, anakitekeleza kwa niaba yake. Mfano: "Rashasha ya 0812 impige adui wa kwanza atakayeingia umbali wa pembesita 3 akiwa mahali wazi. Isimpige aliye ndani ya minazi. Ikishapiga mara 2, inyamaze." Mistari mitatu hiyo inafuta safari mbili za kutuma katika kila zamu.

Kosa la wengi ni agizo lenye neno "ikifaa". Ikimfaa nani? Agizo liwe na umbali, aina ya shabaha na idadi ya mara. Jambo likitokea ambalo agizo halikulisema, kete haifanyi kitu. Mchezaji atalalamika mara moja, zamu ijayo ataandika vizuri.

Kama hata hivyo mnachoka, tafuteni michezo ya amri za pamoja, ambamo wote huandika kwa siri na kufunuliwa kwa mpigo. Diplomacy, iliyotoka 1959, ni ya watu 7, haina dadu kabisa, na ilianza kuchezwa kwa posta miaka ya 60. Inafaa sana kwa mbali kwa sababu nusu ya mchezo ni barua za kubembelezana na kusalitiana. Ila msiiingize kwenye kundi la marafiki wanaokopeshana pesa.

Tunataka kucheza Vita vya Tanga vya 1914. Tuvipange vipi, na nani atakubali kuwa Mwingereza? (Wasomaji wawili, Raskazone)

Swali tamu. Tuanze na yanayojulikana. Novemba 2, 1914, manowari ya Kiingereza HMS Fox iliingia Tanga, na nahodha wake akatoa taarifa kwamba mapatano ya kutoshambulia mji yamevunjwa, akataka mji usalimu amri. Shambulio la kushtukiza likafa hapo. Usiku ule askari wa Waingereza walianza kushuka Ras Kazone. Shambulio la kwanza, asubuhi ya Novemba 3, lilirudishwa. Kubwa lilikuwa Novemba 4, na Novemba 5 wakapanda meli wakaondoka. Jenerali Aitken wa Waingereza alikuwa na watu wapatao 8,000. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, na wengi walikuja kwa reli kutoka Moshi. Waingereza walipoteza zaidi ya 800 kwa vifo na majeraha, wakaacha rashasha 16, bunduki 455 na risasi 600,000.

Mtego wa kwanza ni ukubwa wa kete. Mkifanya kila kete watu 150, Mjerumani ana kete 7 na Mwingereza ana 53. Hakuna atakayeandika amri za kete 53 kwenye simu baada ya kazi. Mpeni Mwingereza kete za nusu batalioni, watu 400 hivi, ziwe 20, na Mjerumani abaki na kombania, yaani zile kete 7 za watu 150. Kutolingana huko hakudhuru. Kunaonyesha hata upande upi ulikuwa mwepesi kugeuka.

Chezeni mchana wa Novemba 4 peke yake. Zamu moja iwe saa moja, kutoka saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, giza linapoingia. Ni zamu 6, safari 12, na kwa siku 3 kila mmoja mnamaliza ndani ya siku 36. Pembesita moja iwe mita 200.

Kabla ya zamu ya kwanza, Mwingereza amtumie mwamuzi neno moja kwa siri: TANGAZA au NYAMAZA. Akitangaza, Mjerumani anaanza na kombania zote. Akinyamaza, mbili kati yake zinakuja kwa treni, moja zamu ya 2 na moja zamu ya 4, lakini Mwingereza analipa pointi 5 za heshima kwa kuvunja mapatano bila taarifa. Hapo ndipo mchezo unapoanza kuwa na ladha.

Sasa nyuki, maana vitani Tanga makundi yao yaliwavamia askari. Lugha yetu imeviita mzinga vyote viwili, kile cha nyuki na kile cha baruti, na siku hiyo vyote vilifanya kazi. Wengi huandika kanuni ya nyuki kama silaha ya Mjerumani. Si haki: nyuki walizinyamazisha hata baadhi ya rashasha za Wajerumani. Mwamuzi atupe dadu 2 kila risasi zinapopigwa kwenye pembesita yenye mashamba. Ikitoka 11 au 12, ambayo ni nafasi 3 kati ya 36, kete zote za hapo na za pembesita jirani, za pande zote, hazisogei na hazipigi kwa zamu moja. Msiongeze nafasi hiyo kwa ajili ya kuchekesha. Nyuki wakitoka kila zamu, mmecheza mchezo wa nyuki.

Kuhusu nani awe Mwingereza: wachezaji humkimbia kwa sababu wanajua alishindwa. Basi msimpe kazi ya kuuteka mji tu. Kila kete inayofika reli ipate pointi, na kila kete inayorudi ufukweni nzima na rashasha zake ipate pointi pia. Kisha mkimaliza mbadilishane pande. Aliyepata pointi nyingi akiwa Mwingereza ndiye mshindi, na ghafla upande uliokimbiwa unagombaniwa.

Bao nalijua tangu utoto. Litanisaidia? (Mzee, Pangani)

Shikamoo mzee. Kwenye kuhesabu hatua, sana. Kwenye kuvumilia dadu, hapana: kwenye bao ukifungwa umefungwa na mtu. Anza na mchezo usio na dadu.

Mwenzangu yuko London. Nilimwambia "mwisho saa mbili usiku" akatuma saa sita baadaye. Nani ana kosa? (Msomaji, Ngamiani)

Wewe. Saa mbili usiku yetu ni 20:00. Yeye aliisoma 02:00, saa nane ya usiku. Andika mwisho kwa tarakimu nne na useme ni saa za Tanga. London iko nyuma yetu saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo 20:00 ya Tanga ni 17:00 kwake mwezi Januari lakini 18:00 mwezi Julai.

Mkubaliane pia hatua za kimya, kabla hakijatokea: saa 72 zikipita, kumbusho moja la adabu, siku ya 7, mwamuzi anaendesha kete kwa maagizo ya kudumu, siku ya 14, anaingia mchezaji wa akiba. Mwezi wa Ramadhani na wiki ya mitihani saa isimame, mradi mtu ameaga. Na akiba huyo apewe tangu mwanzo ramani na mafaili yote, maana siku ya 14 si siku ya kuanza kumwomba aliyepotea akutumie faili.