Swali la Juma: Miaka 3 ya Kuulizwa "Kwa Nini?"

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama kijana mwenye kipaji cha kuchora anahitaji kweli kwenda chuo kikuu kusomea ubunifu wa grafiki, au kama miezi michache ya kukaa nyuma ya fundi katika duka la steshenari inamtosha. Ninajibu nikiwa nimesimama pande zote mbili. Nina shahada ya fani hiyo, na kwa miaka 8 sasa nina fremu yangu ndogo mjini Moshi, ambamo natengeneza nembo, vipeperushi, kadi za michango na mabango, nikisaidiwa na kijana aliyejifunza kila kitu mtaani na ambaye kwa wepesi wa mikono ananiacha mbali.

Kama swali ni la kujua programu za kompyuta, basi chuo kikuu hakihitajiki hata kidogo. Kijana wangu alijifunza CorelDRAW kwa kuchungulia begani mwa mtu mwingine, kisha akajikamilisha kwa video za YouTube, na leo akiniona nahangaika na faili huja kunionyesha njia fupi ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha. Zaidi ya hayo, tangu Canva, programu rahisi ya kubunia mtandaoni, ilipoingia sokoni mwaka 2013, hata katibu wa kwaya anatengeneza tangazo lake kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Anayetegemea kuuza ubofyaji peke yake anauza bidhaa inayoshuka bei kila mwaka, awe na shahada au asiwe nayo.

Nilichokipata chuoni, na ambacho sijakiona katika duka lolote, ni ukuta. Kila kazi tuliyopewa iliishia ukutani, imebandikwa kando ya kazi za wenzetu, na mwenye kazi alitakiwa kunyamaza kwanza huku wengine wakisema walichokisoma. Baada ya hapo mwalimu alianza kuuliza. Kwa nini jina liko hapa? Kwa nini herufi hizi na si zile? Kwa nini umechagua nyekundu? "Nimeipenda tu" halikuwa jibu, na aliyelitoa alirudishwa kuanza upya.

Katika mwaka wa kwanza tuliambiwa tutengeneze kadi ya mchango wa harusi. Yangu niliizungushia maua pande zote nne, majina ya maharusi nikayaandika kwa mwandiko wa kupindapinda, na nilipoibandika niliona kabisa kwamba nimewashinda wenzangu. Mwalimu hakusema neno. Aliibandua, akatoka nayo hadi ukumbini, ambako mama mmoja alikuwa akifanya usafi, akamwamkia na kumwomba asome kadi ile kisha aseme mchango ungetumwa kwa nani na kabla ya tarehe gani. Mama yule aliisogeza kadi karibu, akaitenga mbali, akaigeuza upande wa nyuma, na mwishowe akasema kwa upole, "Mwanangu, maua ni mazuri." Darasa zima lilicheka. Namba ya simu ya mweka hazina ilikuwepo, lakini nilikuwa nimeificha chini ya waridi, kwa herufi ndogo za rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya krimu. Tangu siku ile sijatengeneza kadi ya mchango bila kujiuliza kwanza macho ya anayeipokea yanatafuta nini, na jibu ni moja kila mara: ni wapi pesa inatumwa, na mwisho ni lini.

Dukani hakuna ukuta. Dukani mteja anavuta kiti, anakaa ubavuni mwako na kubuni kwa kutumia mkono wako: ongeza rangi, kuza kidogo, weka na kivuli, hapo bado kuna nafasi tupu. Fundi asiyezoeshwa kutoa sababu hana la kumjibu ila "sawa bosi," na hapo ndipo mji wetu ulipojaa nembo za kampuni za utalii zinazofanana kama mapacha: mlima, tembo, mgunga na jua linalotua, vyote ndani ya duara moja. Mwaka jana alikuja mzee mmoja anayefungua kampuni ya kupandisha wageni mlimani, akavitaka vyote vinne na pundamilia juu yake. Sikumpinga. Nilimuuliza nembo hiyo itaonekana wapi, naye akataja mlango wa gari, mkono wa koti la mpagazi na ile picha ndogo ya mviringo kwenye simu. Nikamchapia alichokitaka kwa ukubwa wa ukucha, na kilichotoka kilikuwa doa la kahawia. Nikamweleza pia kwamba mashine ya kudarizi hutumia nyuzi zenye rangi moja moja, kwa hiyo machweo yanayobadilika taratibu kutoka njano hadi zambarau hayawezi kutokea kwenye koti kama yanavyotokea kwenye skrini. Tembo akaondoka, mgunga ukaondoka. Jua aligoma kuliachia, na liko pale mpaka leo.

Kuna jambo jingine kuhusu nembo hizo ambalo hunichekesha na kuniudhi kwa wakati mmoja. Ukisimama hapa Moshi ukatazama mlima, kilele cha Kibo kiko kushoto kwako na cha Mawenzi kulia. Picha nyingi za Kilimanjaro zilizozagaa kwenye intaneti zimepigwa kutoka Amboseli, upande wa Kenya, ambako Mawenzi huonekana kushoto. Mbunifu anayenakili picha bila kuitazama anampa mteja wa Moshi mlima unaoonekana kutoka Kenya, na nimeona magari yanayopita mitaani kwetu yakiwa na mlima huo wa kugeuzwa ubavuni, huku wenye magari hawana habari.

Nikirudi kwenye masomo yenyewe, lipo somo moja ambalo chuo kilinipa nusu na nusu nyingine nikalazimika kuitafuta mwenyewe, nalo ni herufi. Vitabu tulivyosomea vilikuwa vya Kiingereza na mifano yake yote ilikuwa ya maneno mafupi, ambayo kichwa cha habari kinayabeba matatu kwa mstari mmoja bila jasho. Kiswahili hujenga neno kwa kuunganisha viambishi, na matokeo yake ni neno kama "tunawakaribisha" lenye herufi 15, au "tutakapowatembelea" lenye herufi 18, ambalo peke yake linajaza upana wa bango. Kwa hiyo mpangilio unaopendeza katika kitabu cha kigeni unavunjika mara tu unapoandika ujumbe wa kwetu, na suluhisho si kuifinya herufi kwa kuisukuma kutoka pembeni kama mafundi wengi wanavyofanya, kwa sababu herufi iliyofinywa kwa nguvu hupoteza uwiano wa mistari yake minene na myembamba. Suluhisho ni kuchagua fonti, yaani muundo wa herufi, iliyosanifiwa kuwa nyembamba tangu mwanzo, au kukubali mstari wa ziada. Vilevile, programu nilizotumia zilikuwa zikikata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, zikaniachia vituko kama "wanak-" juu na "aribishwa" chini, ilhali silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu na mahali pa kukata panajulikana na mtoto wa darasa la pili.

Niongeze na ng'ombe. Fonti nyingi za mapambo zinazopakuliwa bure hazina alama ya king'ong'o, na nimewahi kuona lebo ya maziwa ambayo kati ya "Ng" na "ombe" palitokea kiboksi kitupu, kimechapwa na kubandikwa hivyo hivyo kwenye chupa. Herufi k, w na a nazo hujirudia mno katika sentensi zetu, hivyo fonti yenye k ya madoido inayovutia katika jina moja huchosha macho kufikia aya ya pili. Mambo haya sikuyakuta katika mtaala. Niliyagundua kwa sababu nilikuwa nimezoeshwa kuuliza kwa nini ukurasa wangu hautulii wakati ule wa kitabuni umetulia.

Mwalimu mmoja tu ndiye aliyetuelekeza tutafute majibu nyumbani. Alituagiza kila mmoja alete kanga, akazitandaza mezani na kutufanya tuzipime kwa rula: pindo linalozunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina lililo upande wa chini wa mji, juu kidogo ya pindo, kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali. Tulitumia asubuhi nzima kujadili kwa nini jina haliko katikati kabisa, hadi binti mmoja alipojifunga kanga na kutupa mgongo, nasi tukalisoma. Hiyo ilikuwa saa yangu bora kuliko zote katika miaka 3.

Sasa niseme lile ambalo chuo kilishindwa, maana nisipolisema nitakuwa nimewadanganya wazazi. Uchapaji tulifundishwa kwa mchana mmoja, kwa maneno, na sikuwahi kusimama kando ya mashine ya kuchapia hata mara moja hadi nilipovaa joho. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa lebo 2,000 za mifuko ya kahawa kwa kikundi cha wakulima wa Kibosho. Niliwachagulia kijani kibichi kinachong'aa, wakakipenda kwenye skrini, nikapeleka faili kwa mchapaji, na lebo zilipotoka zilikuwa na rangi ya jani la mgomba lililonyauka. Skrini huumba rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, wakati mashine ya kuchapia huumba kwa wino wa samawati, majenta, manjano na mweusi, na zipo rangi za kundi la kwanza, hasa kijani kikali, ambazo kundi la pili haliwezi kuzifikia. Nililijua hilo kwa ajili ya mtihani, na nililijibu vizuri. Mzee aliyeendesha mashine alinitazama akaniambia, "Mwanangu, karatasi haina taa ndani yake." Nililipa nusu ya gharama kutoka mfukoni mwangu, na kwa miezi miwili iliyofuata nilikuwa nakwenda kwake kila alasiri nikifagia vipande vya karatasi ili anifundishe.

Kwake ndiko nilikojifunza kwamba kipeperushi chenye rangi hadi ukingoni lazima kiongezewe milimita 3 kila upande ili kisu kikipita pasibaki mstari mweupe, na kwamba karatasi ya A3 hutoa vipeperushi 4 vya A5, lakini ukiongeza sentimita 1 tu kwenye upana na urefu kwa sababu umeona inapendeza, hutoa 2, na mteja analipia karatasi mara mbili. Fundi wa mtaani anayajua haya kabla hajajua jina la fonti hata moja.

Wapo watakaosema kwamba wabunifu wakubwa hawakusoma fani hii, na mfano wao huwa Harry Beck, mchoraji wa ramani ya treni za chini ya ardhi za London iliyotolewa kwa abiria mwaka 1933, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora michoro ya mitambo ya umeme. Ni kweli. Lakini Beck alikuja na sababu: abiria aliye chini ya ardhi hahitaji kujua mtaa ulio juu ya kichwa chake, anahitaji kujua wapi abadili treni, na kwa sababu hiyo aliinyoosha mistari yote. Mwenye uwezo wa kuwaza hivyo peke yake hahitaji ukuta wa mtu. Mimi niliuhitaji.

Baba yangu aliniuliza kabla ya kuuza kahawa ya ada ni nani aliyewahi kuishi kwa kuchora. Nikamtajia watu wa mlima huu huu: Sam Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere na baadaye London, na Elimo Njau wa Marangu, aliyepitia Makerere pia na kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Hao walikuwa wachoraji wa picha na si wabunifu wa grafiki, lakini sikuwa na wengine wa kumtajia. Baba alifikiri kidogo, akasema kwamba wote wawili ilibidi waondoke mlimani. Ada aliitoa hata hivyo, na sehemu iliyobaki niliikopa Bodi ya Mikopo, ninayoilipa hadi leo.

Kwa mzazi anayepima uamuzi huo sasa, ushauri wangu ni kwamba asiulize chuo kina kompyuta ngapi. Aombe kuingia katika chumba wanamobandika kazi, atazame kama ukuta una matundu ya pini, na amuulize mwanafunzi yeyote atakayemkuta humo mara ya mwisho kazi yake ilikosolewa lini na mbele ya nani. Kisha aulize ni nyumba gani ya uchapaji inayowapokea wanafunzi.

Kijana wangu alimaliza kidato cha nne, kwa hiyo njia ya shahada kwake ni ndefu, na hana hakika kama anaitaka. Kwa sasa tumepigilia ubao nyuma ya mashine ya kukatia karatasi, na kila Jumamosi jioni, baada ya kufunga, tunabandika kazi za juma zima. Juzi alibandika bango langu la flekisi la duka la pembejeo, akalitazama kwa muda, akaniuliza kwa nini bei ya mbegu nimeiweka chini kabisa, mahali ambapo watu waliopanga foleni wataiziba kwa miguu yao. Sikuwa na jibu. Jumatatu tuliipandisha juu kabla mwenye duka hajafika.

Msomaji wenu,
Moshi