Kuhusu mizizi ya mkalamu kwa maumivu ya viungo

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama mzizi wa mkalamu ulioukuta ukitambaa vichakani huko Pemba unafaa kuchemshwa na kunywewa na mzee wako mwenye maumivu ya viungo. Tafadhali usimpe.

Ua la mkalamu ni zuri mno, jekundu lenye kingo za manjano, petali zikiwa zimejipinda kuelekea juu kama ndimi za moto, na ncha za majani yake ndizo zinazoshika matawi ya jirani. Ni kweli kwamba waganga wa Afrika na Bara Hindi wameutumia mzizi huo kwa minyoo, kuumwa na nyoka na viungo, mara nyingi kwa kuupondaponda na kuupaka. Una kolchisini, sumu ambayo hospitali huitoa kama dawa ya jongo (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma), lakini kwa vipimo vya miligramu, jambo ambalo sufuria ya nyumbani haiwezi kulipima, wala kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Mzizi wenyewe hufanana na kiazi kikuu kichanga, na huko Sri Lanka watu wamekufa kwa kuufananisha na chakula. Aliyeula huanza kwa kutapika na kuharisha sana. Apelekwe hospitali papo hapo, hata akionekana kupata nafuu.