Barua kwa mwanangu: Mlioingia mlikuwa wangapi?

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Unasema darasa lenu la kidato cha nne cha 2020 linakutana Desemba, wewe ndiye utakayehutubia, na hujui uwaambie kwamba korona iliwapotezea mwaka au uwaambie kwamba mlishinda.

Nami nikuulize: mlioingia kidato cha kwanza mlikuwa wangapi, na watakaofika hapo Desemba ni wangapi? Msimamo wangu unaujua, nimeusema mpaka baba yako akachoka. Darasa ni wale walioingia, gredi ni habari nyingine.

Mwaka wenu naukumbuka vizuri. Shule zilifungwa Machi, Mei Mji wa Kale wetu hapa Mombasa nao ukafungwa, ukawa unasomea ngazini kwa sababu ndiko simu ilikoshika mtandao, na nyanyako kila akipita anasema utaharibu macho. Mkarudi Oktoba, mtihani mkauanza Machi 2021 mkaumaliza Aprili. Mna haki ya kujivunia. Lakini ile siku ya kwanza ya Oktoba ulirudi nyumbani ukakataa chakula. Nilipokuuliza, ukasema yule mwenzako wa dawati hakuja, anaendesha tuktuk ya ami yake Kisauni. Hukulitaja tena.

Sasa ngoja nikueleze ya Khalati yako wa Likoni, maana unayajua nusu.

Sisi tulikuwa wa kwanza wa 8-4-4, ule mfumo wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Tulimaliza darasa la saba 1984 tukaambiwa bado, kuna la nane. Kidato cha kwanza tukaingia 1986, na 1989 tukafanya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ya kwanza kabisa nchini. Masomo kumi, wala hapakuwa na karatasi za miaka ya nyuma za kujipimia, kwani kabla yetu hakuna aliyeufanya mtihani ule. Walimu wenyewe walikuwa wanasoma silabasi pamoja na sisi. Aliyetufundisha hesabu tukaelewa ni khalati yako. Akivuka feri alfajiri, afike kabla ya kengele, asimame ubaoni na kipande cha chaki atufafanulie lile ambalo jana yake mwalimu alilipitia mbio.

Siku ya picha ya darasa alikuja amezipaka raba zake chaki, nyeupe pe. Sare ameipiga pasi, marinda yamesimama. Mkononi ana leso ya mamake, pindo limefungwa fundo, ndani mna pesa za viazi vya karai: karo. Akaitwa ofisini kabla hatujapangwa. Dirisha lilikuwa wazi, na sisi tulio juu ya mabenchi tunaona kila kitu. Karani anapanga noti na sarafu mezani, anahesabu, anahesabu tena, kisha anazirudisha zote kwenye leso. Mpiga picha akatuambia tutazame mbele. Tukatazama mbele. Khalati yako akatoka, akapita nyuma ya mpiga picha, kichwa juu, akashika njia ya langoni. Ada ya mtihani haikulipwa, jina lake halikupelekwa Baraza la Mitihani, na wale aliowafundisha aljebra wakaingia chumba cha mtihani bila yeye.

Nimejaribu miaka yote hii kumtetea mwalimu mkuu. Shule ilikuwa na madeni, anayeleta unga anataka pesa zake, na ukimwachia mmoja leo kesho watakuja ishirini. Yote hayo ni kweli. Lakini picha ni dakika tano! Angemwacha apigwe picha na wenzake, ndipo amrudishe nyumbani. Hapana, hata hilo silikubali. Angemwacha afanye mtihani, basi. Mwalimu mkuu yule ameshatangulia mbele ya haki, na mdomo wangu naufunga hapo, ingawa si kwa kupenda.

Haikuishia hapo. Wenzangu walipofungua kundi la darasa la WhatsApp, nikamwingiza. Haikupita muda, mmoja akaandika mbele ya watu wote: "Huyu alimaliza na sisi?" Mimi nilikuwa sokoni. Nilipofungua simu, khalati yako alikuwa ameshajitoa. Nikamjibu yule aliyeuliza, nikamkumbusha ni nani aliyekuwa akimsahihishia daftari lake la hesabu. Akanyamaza. Lakini khalati yako hajarudi. Nikimtajia darasa, ananiuliza habari zako.

Kwa hivyo mlipotezewa au mlishinda? Jibu langu ninalo, na mkono unaniwasha kuliandika, ila likitoka kwangu itakuwa hotuba yangu, na mwaka ule uliukaa wewe. Ninalokuomba ni kwamba usisimame mbele yao kabla hujakaa na wenzako mkayakumbuka majina ya kidato cha kwanza yote, kama yalivyokuwa yakiitwa asubuhi. Walioingia, mwanangu.

Mamake yule kijana wa tuktuk nilikutana naye Marikiti Ijumaa, ananunua muhogo. Anasema mwanawe siku hizi yuko Changamwe, tuktuk ni yake mwenyewe, ana mtoto wa kike, na ameshawahi kuuliza kama mnakutana. Nambari yake nimeichukua, nitakutumia baada ya isha. Mpigie usiku, mchana huwa barabarani, simu haisikii.

Mamako