Re: Lori linanirusha sana nikienda kupakia

Kaka, umesema lori linakurusha kitini ukija Gongoni kupakia chumvi, ukirudi na mzigo linatulia. Hilo la kawaida: springi za chuma zimepangwa kubeba tani nyingi, trela tupu halizikunji.

Lakini likikutikisa hata na mzigo kwenye lami nzuri, anza na shokomzoba, zile bomba za mafuta zinazotuliza springi. Ukisimama tu Malindi, ziguse kwa tahadhari. Iliyobaki baridi wakati mwenzake imepata moto, hiyo imekufa. Mafuta yakivuja na vumbi kugandia, badilisha. Chungulia na bushi za kabini (zile pete za maungio yake), chumvi hii inakula vyuma vibaya. Tairi pima upepo kwa geji zikiwa baridi, si kupiga teke! Kiti cha upepo usikijaze hadi mwisho, kitagonga.