Habari ni Amana, Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za baba yako, ambaye ameshaniuliza zaidi ya mara moja kama nimeanza kukujibu. Umeniandikia kwamba siku hizi unaamka usiku wa manane na mkono unaifuata simu kabla hujajua umeamshwa na nini, kwamba unasoma habari za vita, za mafuriko na za chaguzi za nchi ambazo hujawahi kuzitia mguu, mpaka kunakucha. Kisha unaniuliza: je, mtu akiamua kuacha kufuatilia habari, anakuwa mbinafsi anayewapa kisogo wenzake walio katika shida? Ni swali la mtu mwenye huruma, na nimefarijika kwamba umelileta kwangu badala ya kukaa nalo moyoni.

Redio ya babu yako uliikuta imeshakufa, inatumika kuzuia mlango usijifunge. Mimi niliijua ikiwa hai. Kitufe cha kutafutia stesheni kilikuwa kimepotea, kwa hiyo babu alikishika kijiti cha chuma kilichobaki kwa koleo dogo na kukizungusha taratibu, kichwa amekiinamisha, mpaka sauti ya msomaji ichomoze katikati ya mikwaruzo. Taarifa ya habari ilipokwisha, aliizima. Kisha alitutazama sisi watoto na kuuliza ni nani aliyeguswa na yale tuliyoyasikia, na sisi tunaweza kufanya nini. Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba hatuwezi kufanya lolote, naye alilikubali jibu hilo bila kutulaumu. Hapo ndipo alipokuwa akisema kwamba habari ni amana: ukisimuliwa msiba wa mtu umekabidhiwa kitu chake, na mwenyewe bado yuko hai mahali fulani, anakihitaji.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba dawa ya uchovu kama wako ni kurudi kwenye utaratibu ule wa taarifa moja kwa siku. Nilipenda hata kukumbusha kwamba jioni ya tarehe 18 Aprili 1930, siku ya Ijumaa Kuu, msomaji wa BBC jijini London aliwatangazia wasikilizaji kwamba hapakuwa na habari, kisha wakapigiwa piano. Nilikiona kisa hicho kizuri mno, mpaka nilipokuja kusoma yaliyotokea siku hiyo hiyo. Katika kijiji cha Costești nchini Romania, kanisa liliteketea na zaidi ya watu 100 wakafia ndani yake. Huko Chittagong, mji ambao leo uko Bangladesh, vijana waliopinga utawala wa Waingereza walivamia ghala za silaha. Habari zilikuwepo, ila hazikuwa zimefika pale studio, au hazikuonekana kuwa habari. Sasa nitakuambiaje kwamba ukimya ni uungwana? Waliofiwa Costești hawakupata nafuu yoyote kwa sababu mtu wa London alilala usingizi mtamu. Nikifika hapo nakuelewa vizuri sana, mwanangu, na naona kwamba hofu yako ina msingi.

Hata hivyo, kinachonisumbua mimi si wingi wa habari unazosoma. Ni kile tunachokifanya nazo zikishatufikia mkononi, na hapo siwezi kuandika bila kumtaja mjomba wako na lile basi.

Najua kisa hicho unakijua, lakini unakijua kama kinavyosimuliwa kwenye harusi zetu, watu wakicheka na mjomba wako mwenyewe akicheka kuliko wote. Mimi sijawahi kukicheka. Siku ile picha ya basi lililopinduka iliingia kwenye kundi la ukoo, na chini yake maneno kwamba ndugu yetu alikuwemo na ametutoka. Aliyeituma, ambaye simtaji, aliitumiwa na mwingine, na huyo mwingine na mwingine. Hakuna aliyepiga simu ya kuuliza hospitali. Baadaye tulibaini kwamba picha yenyewe ilikuwa ya ajali nyingine kabisa, ya zamani, na kwamba mjomba wako alikuwa ameahirisha safari na simu yake imeisha chaji.

Macho ya marehemu bibi yako yalikuwa yamekwisha kufifia, na mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe. Mtoto yule aliusoma wote, kwa sauti ya darasani, bila kuruka neno, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kusoma. Nilipofika nilimkuta mama yangu ameketi kitandani na shati la mwanawe mapajani, anafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia kwenye ukosi, akifika chini anavifungua vyote na kuanza upya. Hakulia. Alinijibu nilipomwamkia, akaendelea na vifungo.

Jioni mjomba wako akatokea kwa miguu, akashangaa kuona watu wamejaa nyumbani. Furaha ilikuwa kubwa, sikatai. Kwenye kundi watu walimshukuru Mungu, na kabla ya usiku kuingia yule yule aliyetuma picha alikuwa ameshatuma matokeo ya mpira. Wala hakumpigia bibi yako kumtaka radhi. Na mzee mmoja, akidhani anatuliza mambo, akasema mbele yake kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wewe hebu fikiria methali hiyo katika sikio la mama aliyetoka kumzika mwanawe moyoni mchana mzima. Kuanzia siku ile mpaka anafariki, bibi yako hakupokea simu mpaka mtu mwingine aipokee kwanza na kumhakikishia kwa kichwa kwamba ni salama. Mjomba wako alikuwa amerudi, lakini mama alibaki akiingojea ile sehemu ya pili ya methali.

Ndiyo maana niliposoma utafiti wa wataalamu wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science, sikushangaa. Walichunguza taarifa zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu wapatao milioni 3 kati ya mwaka 2006 na 2017, wakakuta kwamba uongo ulikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko ukweli, na kwamba ukweli ulichukua takriban mara sita ya muda uliouchukua uongo kuwafikia watu 1,500. Wengi hupenda kuilaumu mitambo, lakini watafiti walipoziondoa programu zinazojiendesha zenyewe, tofauti ilibaki pale pale: waliokuwa wakisambaza ni watu. WhatsApp nao mwaka 2019 walizuia ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo, na mwaka 2020 wakaubana zaidi ule uliokwisha kupita mikono mingi, usambazwe kwa mmoja tu. Naona ni jambo jema. Lakini tafadhali zingatia kwamba kampuni imelazimika kutuwekea kizuizi cha kidole kwa kazi ambayo swali moja la babu yako lingeifanya.

Najua utanijibu nini, kwa sababu ningekuwa wewe ningejibu hivyo hivyo: ni kundi lile lile lililompata binamu yako alipopotea akiwa mdogo. Ni kweli, picha yake ilipita mikono mingi na akarudishwa kabla ya giza. Kama kila mtu angekaa kitako kujiuliza maswali ya babu, pengine mtoto angelala nje. Nimelipima jambo hili mara nyingi na halikai sawa. Ninachoweza kusema ni kwamba siku ile kila aliyetuma picha aliweka namba ya kupiga, na waliompata walipiga. Walijua habari ile ni ya nani na irudishwe kwa nani. Siku ya basi hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo, hizo habari za mafuriko unazozisoma usiku, zinawarudia wenyewe kwa njia yoyote? Umechangia kitu, umemjulia hali mwenzako wa kazini ambaye kwao kumezama maji, umemsahihisha aliyekuletea uongo juu yao? Ikiwa jibu ni ndiyo, hata mara moja moja, basi sina ujasiri wa kukuambia uzime simu. Ikiwa ni hapana, sioni kwamba kukesha kwako kunamfaa aliyefurikiwa, ingawa naona wazi kwamba kunakuumiza wewe, nami ni mama yako.

Ungeniuliza ukiwa bado chini ya paa langu, simu hiyo ingelala chumbani kwangu na shauri lingeisha. Leo una nyumba yako na akili zako timamu, na baba yako, ambaye amesoma ukurasa huu juu ya bega langu, ananikataza kuamua kwa niaba yako. Nimemtii, japo kwa shida. Amua mwenyewe, kisha uniandikie umeamua nini, hasa ikiwa umeamua kinyume na ninavyotamani, maana huko ndiko nitakakotaka kujua sababu zako.

Mama yako akupendaye