Injini Imejaa Tope: Nitie Oili Gani?

SWALI: Nimenunua gari la petroli, injini lita 1.8, limeshatembea kilomita 190,000. Nikifungua kifuniko cha kujazia oili naona utando mweusi mzito kama grisi. Fundi mmoja ananishauri nitie 20W-50 "ibebe uchafu". Mwingine anasema nichanganye nusu lita ya dizeli kwenye oili niendeshe siku mbili. Kitabu cha gari kimeandika 5W-30. Nimfuate nani?

JIBU: Fuata kitabu. Namba hizo zinaeleza wepesi wa oili: 5W ni inavyopita injini ikiwa baridi, 30 ni uzito wake injini ikishapata moto. Hazisemi lolote kuhusu kusafisha. Kazi hiyo hufanywa na dawa zilizochanganywa ndani ya oili, na dalili yake utaipata kwenye alama ya ubora nyuma ya galoni. Chukua 5W-30 ya sinthetiki yenye API SP. Kama kitabu chako kinataka SL au SM, ambazo ni alama za zamani zaidi, SP inafaa bila shida.

20W-50 huzima kelele na kupandisha presha kwenye geji, ndiyo maana watu hudhani imetibu. Asubuhi injini ikiwa baridi, oili nzito hiyo hupita kwa shida kwenye chujio la pampu ya oili lililoziba nusu, na tapeti na kamshafti zilizo juu husubiri zikisagana kavu. Dizeli nayo ni hatari zaidi. Nusu lita ndani ya lita nne inapunguza uzito wa oili kiasi kwamba beringi zinaweza kugusana chuma kwa chuma, tena inabandua mapande makubwa ya tope kwa mkupuo mmoja.

Mapande hayo huenda wapi? Huenda kwenye chujio la waya la pampu ya oili, chini kabisa ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Likiziba, injini inakufa na oili yake tele ndani. Kwa hiyo kwa tope zito kama lako, fungua sampu kwanza, oili baadaye.

Mwaga oili ikiwa ya moto. Legeza bolti zote, kisha gonga ukingo wa sampu kwa nyundo ya mpira. Usichokonoe kwa bisibisi, maana ukikwaruza uso wa aluminiamu itavuja daima. Komba tope, osha kwa mafuta ya taa, kausha. Chujio liinue kwenye mwanga: kama bado kuna matundu yaliyozibwa na kaboni ngumu, nunua jipya. Badilisha pia ringi ya mpira ya bomba lake, kwani ikivuja pampu itavuta hewa na presha itashuka. Wakati wa kufunga, silikoni iwe mstari mwembamba, kama milimita 3. Ile ya ziada inayominyikia ndani hukatika na kuishia kwenye chujio lilelile ulilotoka kulisafisha.

Ukikwangua chini ya kifuniko cha tapeti, ziba kwanza matundu ya kurudishia oili kwa vitambaa safi. Valvu ya PCV itikise: isipolia, badilisha. Mara nyingi tope huanzia hapo, mvuke wa injini unapokosa njia ya kutokea.

Sasa tia oili na filta mpya. Vibadilishe vyote viwili baada ya kilomita 1,000, tena baada ya 3,000, halafu kila 5,000. Oili ikiwa nyeusi mapema usishtuke, inafanya kazi. Filta ya kwanza ikate uichungulie: vipande vyeusi laini ni tope, vinavyometameta ni chuma cha beringi na hapo gari lisimame. Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini papo hapo.

SWALI: Nimeambiwa oili ya dizeli 15W-40 husafisha vizuri zaidi hata kwenye petroli. Ni kweli?

JIBU: Dawa za kusafisha inazo nyingi, ni kweli. Lakini fosforasi iliyomo huweza kuharibu katalisti ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), na kwenye injini za petroli zenye tabo na sindano zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kalisiamu nyingi huongeza uwezekano wa mafuta kuwaka kabla ya wakati. Kama galoni haina pia herufi za petroli, kama SP, au kitabu hakiruhusu uzito huo, iache.

SWALI: Kwangu tope si jeusi, ni povu la rangi ya maziwa.

JIBU: Hayo ni maji. Likiwa chini ya kifuniko tu na safari zako ni fupi, ni unyevu; endesha mwendo mrefu injini ipate moto vizuri. Likionekana na kwenye kijiti cha kupimia, huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Usiendelee kuendesha, na usinunue oili yoyote mpaka uvujaji huo uzibwe.